Msaada: simu inashika Wi-Fi vizuri, laptopu kwenye chumba hicho hicho inakatakata (Ngamiani, Tanga)

Mpangaji wa Uani · Jumapili, saa 3 usiku

Wakuu, salaam. Nimepanga Ngamiani, nyumba ya Kiswahili ya zamani, chumba cha mwisho karibu na uani. Ruta iko chumba cha mbele kwa mama mwenye nyumba, ni zile za kuweka laini ndani, na bando la mwezi tunachangia wapangaji wote. Simu yangu nikiwa kitandani inafungua video bila kusuasua. Laptopu ikiwa juu ya kitanda hicho hicho, ukurasa wa kawaida unazunguka mpaka nasahau nilikuwa natafuta nini. Kikao cha video ndiyo balaa: sauti inakatika, picha inaganda, mara inaandika hakuna intaneti, halafu baada ya muda inarudi yenyewe. Jioni ni mbaya zaidi.

Naandika mahesabu ya duka moja la Dar. Kila jioni natuma mafaili na kuongea na bosi kwa video, na siku hizi ameanza kunijibu kwa mkato. Laptopu ni ya mtumba, Windows 10, RAM 8. Nimezima na kuwasha, nimeufuta mtandao na kuingiza nywila upya, nimepitisha antivairasi. Wapi. Na mama mwenye nyumba anasema ni laptopu yangu inayowaharibia wenzangu mtandao. Nisaidieni kabla sijaambiwa nitafute chumba kingine.

Kijana wa Raskazone · saa 3:08 usiku

Hiyo ndiyo Tanga, dada. Waja leo waondoka leo, na mtandao nao umeshajifunza 😂

Mikanjuni Juu · saa 3:15 usiku

Pakua programu ya kuongeza kasi ya intaneti, zimejaa za bure. Mimi niliweka, laptopu inaruka.

Fundi Makorora · saa 3:40 usiku

Dada, usipakue chochote. Hakuna programu inayoweza kuiongezea laptopu kasi ambayo redio yake haipokei. Nyingi ya hizo zinakaa nyuma zikila bando hilo hilo, na zingine zinakuja na matangazo yao. Laptopu za watu zinaletwa kwangu zikiwa na tatu kwa mpigo.

Kwanza tujue ugonjwa uko wapi. Kati yako na bosi wa Dar kuna vipande vitatu: laptopu hadi ruta, ruta hadi mnara, mnara hadi huko duniani. Watu wengi mtandao ukizingua wanaruka moja kwa moja kwenye kipande cha tatu, wanaitukana kampuni ya simu, kumbe shida haijatoka hata nje ya mlango. Simu yako imeshatusaidia: inapita kwenye ruta ile ile na mnara ule ule na inafanya kazi. Kwa hiyo mimi mashaka yangu yako kwenye kipande cha kwanza. Ila nataka namba.

Fungua Command Prompt (kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri), andika:

ipconfig

Tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Halafu andika:

ping -n 100 192.168.8.1

(weka anwani yako). Ping inatuma ujumbe mdogo, hapa mara 100, na kupima kila jibu linarudi baada ya milisekunde (ms) ngapi. Ikimaliza, fanya hivyo hivyo kwa 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google iliyoko nje. Mwisho andika:

netsh wlan show interfaces

Leta majibu yote hapa. Usifupishe.

Mkonge Mkavu · saa 4:02 usiku

Fundi unamsumbua bure binti wa watu. Hii ni nyaya za chini ya bahari. Mmeshasahau mwezi Mei 2024?

Fundi Makorora · saa 4:11 usiku

Mzee wangu, shikamoo. Sijasahau. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na nchi nzima tuliiona siku hiyo. Lakini angalia ilivyokuwa: simu, laptopu, ofisi, benki, wote tuliathirika. Mkonga wa baharini hauwezi kuchagua laptopu ya dada ukaacha simu yake iliyo pembeni. Na siku ile ungepiga ping kwenye ruta yako ya nyumbani ungepata jibu safi kabisa, kwa sababu ruta haikuwa na tatizo.

Mkonge Mkavu · saa 4:14 usiku

Marahaba. Haya, tusubiri hizo namba zako.

Mpangaji wa Uani · Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Nimefanya kama ulivyosema, Fundi. Kwenye ruta: zimepotea 14 kati ya 100, ya haraka 3ms, ya polepole 1,140ms, wastani 212ms. Kwenye 8.8.8.8: zimepotea 17, wastani 268ms.

Ile nyingine imeandika Radio type 802.11n, Channel 9, Receive rate 6.5, Transmit rate 6.5, Signal 36%.

Sijui nimekuletea nini ila inaonekana sio nzuri.

Fundi Makorora · saa 2:05 asubuhi

Umeniletea kila kitu. Ping ya kwenda kwenye ruta iliyo ndani ya nyumba moja inatakiwa irudi chini ya 10ms, ikikosea sana 20 au 30 mara moja moja, na isipotee hata moja. Wewe unapoteza 14 kabla hujatoka nje ya ukumbi. Kile cha 8.8.8.8 kimebeba ubovu ule ule na kuongeza safari ya nje kidogo, ndiyo maana tofauti ya wastani ni kama 56ms tu. Maana yake jana usiku au asubuhi hii mnara wenu ulikuwa mzima.

Sasa hiyo 6.5. Hiyo ndiyo kasi ambayo laptopu na ruta wamekubaliana kuongea, kwa megabiti kwa sekunde. Kwa 802.11n (aina ya Wi-Fi) yenye antena moja kwenye chaneli ya kawaida inaweza kufika 72. Wewe uko ngazi ya chini kabisa. Mawimbi yakiwa dhaifu, Wi-Fi inashuka ngazi ili maneno yasikike, kisha inarudiarudia pakiti (vipande vidogo vya data) zilizopotea.

Na hapa mama mwenye nyumba ana haki, usikasirike. Wi-Fi ya chaneli moja ni hewa moja, anayeongea ni mmoja kwa wakati. Kifaa kinachoongea kwa 6.5 kinashika hewa muda mrefu mara kumi kuliko kinachoongea kwa 65, kwa faili lile lile. Ukianza kutuma mafaili ya duka, wenzako wote wanasubiri umalize. Bando huwamalizii, ila zamu unawalia.

Kipimo kimoja zaidi. Chukua laptopu, nenda kaa chumba cha mbele, mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, ukiwa unaiona kwa macho. Rudia ile netsh. Nataka ile Signal tu.

Shangazi Pongwe · saa 2:30 asubuhi

Naomba kuuliza, mwaya, ruta imekaa wapi hasa? Kwangu mume wangu aliipandisha juu ya friji, nyuma ya televisheni, eti isichezewe na watoto. Chumbani tulikuwa hatupati kitu. Tulipoitoa tu ikarudi.

Fundi Makorora · saa 2:41 asubuhi

Shangazi umesema kweli. Chuma hurudisha mawimbi na maji huyanyonya. Friji, kabati la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia, simtanki, vyote ni maadui wa ruta. Na nyumba zetu za zamani zina kuta nene za mawe, sio matofali ya siku hizi. Iwekwe juu, mahali pa wazi, ikiwezekana iangalie ukumbi ili mawimbi yapite milangoni badala ya kutoboa kuta zote za katikati.

Mpangaji wa Uani · saa 1:10 usiku

Nimekaa nayo kwenye kochi la mama, ruta naigusa kwa mkono. Signal 60%. Simu hapo hapo imejaa vistari vyote. Na ndiyo, Shangazi, iko nyuma ya televisheni, na kitambaa cha kufuma kimewekwa juu yake 😅

Fundi Makorora · saa 1:25 usiku

Kitambaa kitolewe, kinaipa joto tu. Lakini tumepata mchawi, na sio kitambaa.

Windows inahesabu asilimia hivi: 100 ni -50 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) au zaidi ya hapo, sifuri ni -100. Kwa hiyo 60% ni kama -70. Ukiwa umeigusa ruta unatakiwa uone 95 na kuendelea, tena ikiwa nzima inajaa 100 kirahisi. Hapo hakuna ukuta, hakuna umbali, na bado inasikia kama iko nyumba ya pili. Hiyo laptopu haina antena, au inayo haijachomekwa.

Nikuulize: imewahi kufunguliwa? Kubadilishwa kioo, bawaba, feni, kibodi?

Mpangaji wa Uani · saa 1:31 usiku

Weee! Bawaba ilivunjika kabla ya Ramadhani, nikaipeleka kwa kijana mmoja wa mtaani akaitengeneza. Na sasa ndiyo nakumbuka shida zilianza kama kipindi hicho, ila mimi nikajua ni ruta maana mama alibadilisha laini wiki zile zile.

Fundi Makorora · saa 1:44 usiku

Basi ndiyo hiyo. Watu hudhani antena ya laptopu iko kwenye kadi ya Wi-Fi. Haipo. Kadi iko chini ya kibodi, antena zimezunguka kioo huko juu, na zinaunganishwa kwa vijiwaya viwili vyembamba, kwa kawaida kimoja cheusi na kimoja cheupe, vinavyopita ndani ya bawaba. Kwenye kadi vinabanwa kwa vichwa vidogo sana vya mviringo. Anayetengeneza bawaba mara nyingi huvichomoa. Akirudisha bila kubana mpaka visikike "tik", vinakaa juu juu tu na vinang'oka ukifungua na kufunga kioo. Au kijiwaya kimebanwa na bawaba kikakatika kwa ndani. Kadi bila antena haifi kabisa, inaokota okota mawimbi ya karibu, ndiyo hiyo 60 yako.

Kama una mkono mtulivu: izime kabisa, chomoa chaja, fungua skrubu za chini, chomoa betri kwanza, ndipo uguse kadi. Bana kila kichwa kwa kidole, kikiwa katikati sawasawa. Usitumie bisibisi kukandamiza, vile vichwa vikipinda hurudishi. Kama huna, nenda kwa fundi yeyote mwambie maneno haya haya: "angalia waya za antena kwenye kadi ya Wi-Fi." Kazi ya dakika chache, asikuuzie kadi mpya kabla hajaziangalia. Na sisi tulio karibu na bahari tuangalie pia kama vichwa havijaota ukijani wa chumvi.

Kijana wa Raskazone · saa 2:00 usiku

Fundi naomba kudandia. Yangu ni nzima, antena zipo, ila nikichomeka diski ya nje ya USB 3 Wi-Fi inakufa. Nikichomoa inarudi. Nilidhani ni jini.

Fundi Makorora · saa 2:06 usiku

Sio jini. USB 3 inapopitisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye 2.4GHz, masafa yale yale ya Wi-Fi ya kawaida, Bluetooth na maikrowevu. Intel wenyewe waliliandika jambo hilo mwaka 2012. Tumia tundu la upande wa pili, au waya mrefu kidogo wenye ngozi nzuri ya kuzuia kelele ya redio, au hamia 5GHz kama ruta yako inayo.

TaSUBa Hosteli · Jumanne, saa 6 mchana

Wakuu, mimi niko Bagamoyo, sina ruta, natumia hotspoti ya simu. Laptopu inaunganika vizuri ila nikienda kunywa chai nikirudi imeachana na simu. Na simu inachemka mpaka naogopa. Kuna dawa?

Shangazi Pongwe · saa 6:20 mchana

Mwanangu, dawa yako ni waya. Chomeka simu kwenye laptopu kwa waya wa chaja ulio mzuri, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa ile ya USB. Simu inapata chaji papo hapo, na Wi-Fi ya simu unaizima, joto linapungua. Mimi natuma ripoti za shule hivyo. Kuachana ni kwa sababu simu ina kipengele cha kuzima hotspoti yenyewe ikiona hakuna anayeitumia, laptopu ikilala tu basi. Kizime.

Fundi Makorora · saa 6:45 mchana

Shangazi ananinyang'anya ugali 😄 Nyongeza moja kwa kijana wa Bagamoyo: mwambie Windows huo ni mtandao wa kupimwa. Ingia Settings, Network, kwenye jina la mtandao washa "Metered connection". Bila hivyo Windows inaona hotspoti kama Wi-Fi ya ofisi, inaanza kushusha masasisho ya gigabaiti kadhaa wakati wewe unatafuta picha moja.

Mpangaji wa Uani · Jumatano, saa 12:30 jioni

Fundi! Kichwa kimoja kilikuwa kimeng'oka kabisa, cha pili kimekaa upande. Kaka wa duka la simu barabara ya jirani amenibania, hata hela hakutaka. Nimerudi uani: Signal 74%, Receive rate 58.5. Kwenye kochi la mama 100%. Ping ya ruta hakuna iliyopotea, wastani 4ms. Nimelia kidogo.

LAKINI. Jana kuanzia saa 2 usiku kikao kiliganda tena. Ping ya ruta bado 4ms. Ya 8.8.8.8 inafika 800, 900, inarudi 60, inapanda tena.

Mkonge Mkavu · saa 12:41 jioni

Mkonga wa bahari.

Fundi Makorora · saa 1:05 usiku

Mzee, vuta subira 😂

Dada, umeona faida ya kupima vipande. Kipande cha kwanza kimepona, sasa ugonjwa wa pili uliokuwa umejificha nyuma yake umejitokeza. Ruta 4ms na nje 900 maana yake shida inaanzia ruta kwenda mbele. Kwa saa hizo kuna watuhumiwa wawili: mnara umeelemewa na mtaa mzima uliorudi nyumbani, au ndani ya nyumba yenu kuna mtu anapakia kitu kikubwa juu. Kupanda na kushuka kwa ghafla namna hiyo, mimi naanza na wa pili. Njia ya kupakia kwenye laini za simu ni nyembamba kuliko ya kushusha. Mtu mmoja akiijaza, pakiti zenu zote zinapanga foleni ndani ya ruta, hata ombi dogo la kufungua ukurasa linasubiri nyuma ya video ya mtu.

Muombe mama akufungulie ukurasa wa ruta, ile anwani ya Default Gateway uiandike kwenye kivinjari. Kuna orodha ya vifaa. Saa 2 hiyo angalia nani anakula.

Mpangaji wa Uani · saa 3:15 usiku

Ni simu ya kijana wa mama. Anapiga video za mpira huko Mkwakwani, jioni akiichomeka kwenye chaji inaanza kupandisha kila kitu kwenye akaunti yake. Tumeisimamisha kwa majaribio, ping ikashuka papo hapo hadi 70.

Fundi Makorora · saa 3:22 usiku

Kuna simu zinazosubiri mambo mawili, chaji na Wi-Fi, ndipo zinapandisha picha kuzihifadhi mtandaoni. Msimkataze, mwambieni azime kipengele hicho jioni, akiwashe anapokwenda kulala. Kama ruta yenu ina sehemu ya kupunguza kasi kwa kila kifaa, muwekee kikomo kwenye kupakia tu.

Halafu ukiwa bado uko kwenye huo ukurasa, hamisha mambo mawili. Chaneli ya Wi-Fi itoe 9, weka 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameitumia kidogo. Kwenye 2.4GHz hizo tatu ndizo hazigongani, 9 inapigwa na 6 na 11 kwa pamoja. Na tafuta namba ya RSRP, hiyo ni nguvu ya mnara inavyoingia kwenye ruta. Ikiwa -110 hivi uko pabaya, ikipanda kuelekea -90 unapumua. Isogezeni ruta kwenye dirisha moja baada ya jingine huku mtu anasoma namba.

Mpangaji wa Uani · Alhamisi, saa 4 usiku

RSRP nyuma ya televisheni ilikuwa -109. Dirisha la ukumbini -96. Chaneli nimeweka 1. Leo nimeongea na bosi mwanzo mwisho, ameuliza kama nimehamia Dar. Mama mwenye nyumba amekubali ruta ikae ukumbini, kwa sharti kitambaa chake kiwekwe chini yake.

Fundi, unakula machungwa ya Muheza? Niambie nikuletee wapi.

Fundi Makorora · saa 4:10 usiku

Yanaliwa sana. Nitakutumia ujumbe faragha.

Mikanjuni Juu · saa 4:30 usiku

Fundi, swali la mwisho. Nimeona kidude cha USB cha Wi-Fi chenye 5GHz kinauzwa mtandaoni. Laptopu yangu ina 2.4 pekee. Ninunue?

Fundi Makorora · saa 4:38 usiku

Geuza ruta yako usome chini. Kama imeandikwa 802.11 b/g/n peke yake, ni ya 2.4 tu na hicho kidude kitakosa wa kuongea naye huko 5GHz. Ukiona "ac" au "ax", nunua, lakini ukae chumba kimoja na ruta au cha jirani, maana 5GHz ina kasi ila kuta inazichukia. Na ile programu ya kuongeza kasi uiondoe kwanza, upime, ndipo utoe hela.